Zidisha kwa Ishirini

Shilingi ni shilingi, nilidhani,
mpaka nilipovuka Horohoro na mabegi matatu
na kijana wa kubadilisha fedha akanirudishia,
kwa bunda langu la noti,
vikaratasi vya kujificha ndani ya ngumi.
Jina moja, uzito mwingine.
Kama kukutana na mtu mnayeitana somo
ukamkuta ana viatu na wewe huna.

Tulipanga Mishomoroni, chumba na sebule,
elfu sita na mia tano, umeme mbali.
Chambuso alipata kazi Shimanzi, ghala la majani ya chai;
akirudi ananukia chai ambayo nyumbani hatuna.

Nikanunua daftari la shilingi ishirini,
yaani mia nne. Unaona? Hata daftari.
Nikapiga mstari katikati kwa ukingo wa kitana:
huku HAPA, kule KWETU.

Unga pakiti, mia na sitini: elfu tatu na mia mbili.
Nyanya nne kwa Kanze, ishirini: mia nne.
Mtungi wa maji, ishirini na tano: mia tano
(kwetu mtungi ni wa udongo, umenyamaza pembeni;
hapa ni dumu la njano, huja kwa mkokoteni likipiga kelele).
Tokeni, hamsini: elfu nzima,
na usiku wa tatu kisanduku kinalia tii, tii,
kifaranga kilichopotezana na mama.
Karo ya Tunu sikuizidisha.
Niliiandika, nikafunga daftari, nikalikalia.

Maneno nayo yalikuwa na bei yake.
Nikisema umeme, wao stima. Ada, wao karo.
Nikiuliza maharage, Kanze hunipimia maharagwe,
na hiyo gwe, nahisi,
ndiyo inayoongeza shilingi kumi.

Chambuso akaanza kuvuka daraja la Nyali kwa miguu.
Mwisho wa mwezi, nauli aliyoiokoa
ikanunua soli.

Mwanaidi akapiga simu toka Muheza:
"Nyie mko Kenya, pesa yenu nzito.
Bati la jikoni kwa mama limetoboka.
Tuma elfu mbili tu ya huko, si arobaini ya huku?"
Kumbe na yeye anazidisha.
Sikumwambia elfu mbili ya huku ni maji ya mwezi
na mafuta ya kupima, kijiko kwa kijiko.
Nilituma mia nane. Nikaandika: BATI.
Wiki ile tulikula mchicha wa nazi,
mchicha wa chumvi,
mchicha wa kimya.

Tarehe ishirini na saba mwezi ukatuishia kabla haujaisha.
Nikasimama dukani kwa Awadhi,
kiganja kitupu nimekifumba kana kwamba kina kitu.
Akanitazama juu ya miwani. Akavuta kitabu chake,
akaandika, nami nasoma kichwa chini:
*Mama Tunu Mtanga. Sukari nusu. Sabuni kipande.*

Nikalipa. Nikakopa. Nikalipa nusu, nikakopa.

Jana nimekwenda tena. Kafungua ukurasa mpya.
*Mama Tunu*, kaandika, kisha nukta.
Nikangoja kalamu irudi kumalizia.
Haikurudi.
"Wanitazamani? Ni mia tatu na arobaini."
Mia tatu na arobaini.
Nikatoka nayo hadi barabarani, ilivyo,
haikuzaa namba nyingine kichwani.

Nyumbani nikafungua daftari.
Upande wa KWETU mweupe tangu Jumanne ya wiki iliyopita,
wala sikumbuki kuuacha.
Tunu kachora humo jogoo kwa kalamu ya bluu,
jogoo wa miguu mitatu.
Nilitaka kumgombeza, karatasi ni pesa.
Nikamuuliza tu, huu wa tatu wa nini?

"Wa akiba," akasema.